TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 18: UKISHALIPA, UMENUNUA NINI?



Ndugu yangu, natumai daku ilikuwa ya baraka na mfungo unakwenda vizuri. Tafakuri ya leo ni ndefu kidogo. Isome taratibu, hata kwa vipande viwili.

Juzi tulipotoka tarawehe huku kwetu Genkuru, vijana watatu walibaki nje wameinamia simu moja. Nikadhani wanasoma Qur'an, nikafurahi. Kumbe wanabishana kuhusu gemu. Mmoja alikuwa amekasirika kweli kweli, kwa sababu watengenezaji wametoa toleo jipya na wamebadilisha kitu alichokuwa anakipenda. Alikuwa anawaandikia ujumbe. Nikamwomba niusome. Maneno yale siwezi kuyaweka hapa, mwezi huu wala mwezi mwingine.

Nikamwuliza, "Mwanangu, hawa watu wamekukosea nini?"

Akajibu bila kusita: "Ustadhi, sisi ndio tunaowaweka mjini."

"Na gemu lenyewe umelinunua shilingi ngapi?"

"La bure."

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, na sababu yake nitakwambia mwishoni.

Sitaki leo tuingie kwenye mjadala wa gemu zipi zinafaa na zipi hazifai, wala saa ngapi zinapotea humo. Mjadala huo una siku yake. Leo nataka tuulizane swali moja tu: mtu akitengeneza kitu, nasi tukakipenda, tunapata haki gani juu yake? Maana usidhani swali hili ni la vijana wa gemu peke yao. Linamhusu anayemtukana mwanamuziki kwa kubadilisha mtindo, anayemfuata mchezaji wa Simba au Yanga hadi kwenye picha za watoto wake kisa kakosa penalti, na anayemwandikia mtunzi wa hadithi za WhatsApp saa nane za usiku, "Sehemu ya 12 iko wapi, wewe mvivu?"

*Milango mitatu*

Hebu tuanze na seremala. Unaweza kupata kitu chake kwa njia tatu, na kila njia ina haki zake.

Njia ya kwanza, unamwagiza. Unamwambia, nataka kabati la milango miwili, mbao ya aina fulani, urefu kadhaa, na unamlipa. Wanazuoni wa Kihanafi wanaita mkataba huu istisnaa. Hapa wewe una sauti kubwa. Akikuletea la mlango mmoja, una haki ya kulikataa, kwa sababu mlikubaliana.

Njia ya pili, unalikuta kabati limeshatengenezwa, unalipenda, unalinunua. Hapa huna haki ya kumwambia, "Ulipaswa kulipaka rangi nyingine." Ungeyasema hayo kabla ya kutoa pesa, au ungeenda kwa mwingine. Lakini ukifika nyumbani ukakuta mbao imeliwa na wadudu kwa ndani, naye alijua akanyamaza, hapo sheria iko upande wako. Fiqhi inakupa hiari ya kurudisha kitu chenye aibu. Na katika Sahihi Muslim tunasoma jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyoingiza mkono kwenye lundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kuuficha unyevu, na akasema wazi kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Njia ya tatu, seremala amekupa zawadi. Hapa una haki ya kutoipokea. Ukiipokea, umebaki na shukrani tu.

Sasa tatizo letu ni nini? Tunaingia kwa mlango wa pili au wa tatu, halafu tunadai haki za mlango wa kwanza. Tumenunua kitu kilichokwisha kutengenezwa, au tumepewa bure, tunataka tusikilizwe kama tuliokiagiza. Na tusiposikilizwa, tunatukana.

*Yaliyotokea duniani*

Nikupe mifano ya kweli, ili usidhani nazungumza hewani.

Mwaka 2013 kijana mmoja wa Vietnam, Dong Nguyen, alitoa kigemu kidogo cha simu kiitwacho Flappy Bird. Ndege anaruka kati ya mabomba, basi. Kilikuwa cha bure. Mwanzoni mwa 2014 kikalipuka dunia nzima, na matangazo yakamwingizia pesa nyingi sana. Pamoja na pesa yakaja matusi, lawama na usumbufu usiokwisha. Februari 2014 akatangaza kwamba hawezi tena, akakiondoa. Unajua kilichofuata? Alipotangaza kukiondoa, wapo waliomtishia kifo. Yaani mtu kakupa zawadi, kasema nimechoka naomba nipumzike, wewe unamwambia ukipumzika nakuua.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na ndio maana nauleta. Kampuni ya CD Projekt ya Poland ilitangaza gemu la Cyberpunk 2077 mwaka 2012. Watu walingoja miaka. Likapangwa kutoka Aprili 2020, likasogezwa Septemba, likasogezwa Novemba, na mwisho Desemba 10. Waliposogeza mara ya mwisho, baadhi ya wafanyakazi walipokea vitisho vya kuuawa. Kwa nini? Kwa siku ishirini na moja za kusubiri. Wakati huo huo wafanyakazi hao walikuwa wameshatakiwa kufanya kazi siku sita kwa wiki ili walimalize.

Gemu likatoka tarehe hiyo likiwa na kasoro nyingi, hasa kwenye mashine za zamani. Baada ya takriban wiki moja Sony waliliondoa kwenye duka lao la PlayStation na kurudisha pesa za wanunuzi. Liliporudi dukani ilikuwa Juni 2021, na matengenezo makubwa yaliendelea hadi 2023.

Hapa tuwe waadilifu. Aliyelipa pesa zake akapata gemu lisilochezeka alikuwa na haki kamili ya kulalamika na kurudishiwa. Hilo ni lundo lililolowa chini. Lakini angalia jambo la pili: watu waliotishia kwa kuchelewa walikuwa wanadai haraka, na haraka huzaa ubovu. Wahenga wetu walishasema, haraka haraka haina baraka. Kwa hiyo kosa lilikuwa la pande mbili. Kampuni iliuza kisichoiva, na baadhi ya wapenzi walikuwa wanapiga sufuria kwa mwiko wakidai kipakuliwe.

Na mfano wa tatu ni mfupi. Mwaka huo huo wa 2020, lilipotoka gemu la The Last of Us Part II, mwigizaji Laura Bailey, aliyetia sauti ya mhusika mmoja ambaye wachezaji wengi walimchukia, alitumiwa vitisho vya kuuawa, na mtoto wake mdogo akatajwa humo. Hakuandika hadithi ile. Alisoma maneno aliyopewa. Hasira ikishapoteza adabu haiulizi hata nani mwenye kosa.

*Je, basi tunyamaze?*

Hapana. Nisikilize vizuri hapa, maana wengine wataondoka na nusu ya somo.

Unakumbuka kisa cha Mu'adh bin Jabal, Allah amridhie, kilichopokewa na Bukhari na Muslim? Aliwasalisha watu Isha akarefusha sana kisomo. Mtu mmoja aliyekuwa ametoka kuhangaika na ngamia wake wa kumwagilia alishindwa, akajitenga akaswali peke yake. Mu'adh akamsema vibaya. Yule mtu hakusimama sokoni kumtukana Mu'adh. Alikwenda kwa Mtume, akaeleza hali yake. Na Mtume akamkemea Mu'adh kwa ukali, akamtajia sura fupi za kusoma, kwa sababu nyuma ya imamu kuna mzee, dhaifu na mwenye shughuli.

Ona adabu ilivyogawanywa. Malalamiko ya aliye nyuma yalisikilizwa, na aliye mbele akarekebishwa. Lakini yule mtu hakudai yeye ndiye apange kisomo kila siku, na Mu'adh hakuvunjiwa heshima yake. Baadaye Mu'adh huyo huyo ndiye aliyetumwa Yemen kufundisha dini. Kukosolewa hakukumfuta.

Hata kwenye gemu upo mfano wa namna hii. Machi 2012 kampuni ya BioWare ya Canada ilitoa Mass Effect 3, sehemu ya mwisho ya hadithi iliyoanza 2007. Wachezaji walikuwa wameahidiwa kwamba maamuzi yao ya miaka yote yangeonekana mwishoni. Walipofika mwisho wakaona tofauti kubwa ni rangi tu: nyekundu, bluu, kijani. Wapo waliotukana, hilo halikosekani. Lakini wapo waliokusanya zaidi ya dola 80,000 kwa ajili ya shirika linalosaidia watoto hospitalini, ili sauti yao isikike kwa jambo la kheri. Na wengine wakatuma keki ndogo 400 kwa kampuni, za rangi tatu hizo, zote za ladha moja. Ujumbe ukafika bila tusi hata moja. Juni mwaka huo BioWare wakatoa nyongeza ya bure iliyofafanua ule mwisho. Hawakuufuta wakaandika mwingine. Waliueleza vizuri zaidi ule ule wa kwao.

Naona kila upande ulibaki mahali pake. Walioahidiwa walidai ahadi, na ahadi ni deni. Mwenye hadithi akabaki mwenye hadithi.

Na hapa nawageukia mafundi pia, msijifiche nyuma ya neno "ni kazi yangu". Ukichukua pesa ya mtu kabla ya kazi, umejifunga. Ukimtangazia kitu, akanunua kwa tangazo lako, umejifunga. Uhuru wako ni juu ya namna ya kuunda, haufiki kwenye kudanganya. Na ukipewa nasaha kwa adabu, usipandishe mabega. Aliyekuambia kasoro yako ana kwa ana amekufaa kuliko aliyekusifia akaenda kukucheka nyuma.

*"Sisi ndio tunaowaweka mjini"*

Nirudi kwa kijana wangu. Maneno yake yana ukweli ndani yake, tusiyatupe yote. Bila wasikilizaji, mpiga iritungu anapiga kwa ajili ya ng'ombe. Bila wachezaji, gemu ni faili tu limelala kwenye kompyuta.

Lakini fikiria harusini. Mpiga iritungu anapiga zile nyuzi nane, unaguswa, unainuka unamtunza noti ya elfu tano. Umefanya wema. Je, elfu tano hiyo imekupa ruhusa ya kwenda kukaza na kulegeza nyuzi zake? Ukifanya hivyo, kwanza utauharibu wimbo ule ule uliokuinua kwenye kiti. Kilichokufanya umpende ni kwamba alijua jambo ambalo wewe hukulijua. Ukimlazimisha apige unachokijua tayari, utabaki unajisikiliza mwenyewe.

Kuna wenye kazi wanaofungua mlango kwa hiari yao. Gemu la Bus Simulator Indonesia limewaruhusu wachezaji kupaka mabasi rangi zao na kuingiza magari yao wenyewe, na vijana wa Afrika Mashariki wameyaingiza mabasi ya kwetu humo. Jambo zuri kabisa. Mwenye nyumba kasema karibuni jikoni, ingia upike. Lakini asiyesema karibu jikoni hajakukosea. Ulialikwa sebuleni, kaa sebuleni.

Tena tuwaangalie wa kwetu, maana hao ndio watakaoumia zaidi. Mwaka 2015 kampuni ya Black Division Games ya Nairobi ilitoa Nairobi X, gemu la mapigano ambamo viumbe kutoka anga za mbali wanaivamia Nairobi. Kundi dogo, hapa hapa jirani, ukivuka Sirari uko kwao. Kampuni kubwa ya ng'ambo ikitukanwa ina wanasheria na mamia ya wafanyakazi wa kugawana maumivu. Kijana wa kwetu ana kompyuta moja, bando la kuungaunga, na mama anayemwuliza lini atatafuta kazi ya maana. Ukimrushia yeye maneno yale yale, unampiga mtu asiye na ukuta.

*Kipimo*

Katika Suratul Mutaffifin, Allah anawaonya wale ambao wakipokea kwa watu wanataka kipimo kijae, na wakiwapimia wengine wanapunguza. Sisi huwa tunafikiria mizani ya dukani tu, pishi na kilo. Lakini ndugu yangu, hebu pima hii. Wewe kazini kwako unachelewa mara ngapi? Umeahidi mara ngapi "kesho" ikawa wiki? Fundi wa ng'ambo akichelewa siku ishirini na moja unadai damu. Wewe ukichelewa, unataka watu "waelewe". Hapo umepokea kipimo kilichojaa na umetoa pungufu.

Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi tangu akiwa mtoto. Amesimulia kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kusikia kwake neno la kumkinai, wala kuulizwa kwa nini umefanya hivi au hukufanya vile. Miaka kumi! Sisi dakika kumi za gemu la bure zinatutoa maneno ya kutisha.

Na mwezi huu jambo hili ni zito zaidi. Mtume aliwauliza maswahaba kuhusu mufilisi ni nani. Wakamtaja asiye na pesa. Akawaambia mufilisi wa umma wake ni yule anayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini amemtukana huyu, amemsingizia yule, basi mema yake yanagawiwa hao mpaka yanakwisha. Fikiria umefunga siku thelathini kwenye jua hili, umeamka daku, umesimama tarawehe, halafu thawabu zako zinachukuliwa na mtu wa Poland au Vietnam ambaye hata jina lake hukulijua. Ulimtukana ukasahau, ukafunga simu ukala futari. Yeye alisoma.

Dhambi kati yako na Allah, unatubia na mlango uko wazi. Haki ya mja inahitaji mja mwenyewe akusamehe. Na mja wa mbali hivyo utampatia wapi?

*Sababu ya kutocheka*

Nilikuahidi nitakwambia.

Miaka miwili iliyopita kijana mmoja wa huku kwetu, aliyekuwa akisoma Mwanza, alianza kutengeneza gemu la simu. Mtoto mchungaji anapeleka ng'ombe mnadani, njiani kuna mto, kuna wezi, kuna jua. Akatutumia kwenye kundi letu tulijaribu, bure. Mimi nililipenda mno. Nikaanza kumwandikia. Kwanza pongezi. Kisha, ng'ombe wetu hawana pembe hizo. Kisha, mbona mto uko upande huo? Kisha kila usiku, vipi, hatua ya nne bado? Siku moja nikamrushia ujumbe wa sauti mbele ya kundi zima: kama kazi imekushinda sema, tumpe mwenzio anayeweza.

Tumpe. Kana kwamba lilikuwa letu. Sikumwagiza, sikumlipa, sikumnunulia hata bando.

Alitoka kwenye kundi usiku ule. Hakusema neno. Nami nilijiambia, vijana wa siku hizi hawawezi kukosolewa.

Baada ya kumwona yule kijana na simu yake juzi, sikulala vizuri. Jana kabla ya magharibi nilimpigia. Nilimwambia nilikukosea, nilikudhalilisha mbele ya watu, naomba unihalalishie. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nimekusamehe, mzee wangu. Ramadhani karim." Tukasalimiana habari za nyumbani, za mahindi, za mama yake.

Ndugu yangu, nikiri kitu. Swali lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: na lile gemu, utalimalizia lini? Nikalimeza. Nilikuwa nimefunga, na nikaona hilo nalo ni la kufungia. Ni lake. Akilimaliza, nitashukuru. Asipolimaliza, hajaninyima changu.

*Kazi ya leo*

Moja. Fungua simu yako, tafuta maneno ya ukali uliyomwandikia mtu kwa sababu ya kazi yake. Yafute. Kama anapatikana, mwombe radhi. Kama hapatikani, muombee dua, na pale ulipomsema vibaya mseme vizuri.

Mbili. Ukiwa na malalamiko ya haki, yaandike upya kana kwamba unamwandikia mwanao aliyefanya kazi hiyo. Ukiona yanaweza kutumwa hivyo, yatume.

Tatu. Mtafute fundi mmoja ambaye kazi yake umeitumia bure mwaka huu, umwambie ahsante. Usiongeze "lakini".

Ewe Mola wetu, tuhifadhie funga zetu zisiliwe na ndimi na vidole vyetu. Tujaalie kipimo kimoja, cha kupokelea na cha kutolea. Wasamehe tuliowakosea, na uwaridhishe nasi wale ambao hatuwezi tena kuwafikia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Kesho in shaa Allah tutaonana siku ya 19.

Wassalaamu alaykum warahmatullah.